Bado Arobaini

Pijo ya baba imekaa nyuma ya nyumba, Makorora,
miaka ishirini na mitatu juu ya matofali manne,
kuku wakitagia kiti cha nyuma,
na kila Ijumaa mnunuzi wa vyuma chakavu
anagonga geti, mizani begani:
"Bado tu hujaamua?"
Nimeamua. Nataka liwake.

Wahenga walisema mtafuta cha uvunguni sharti ainame.
Niliinama, nikapiga magoti, nikalala chali kabisa,
oili ya enzi hizo ikanidondokea shavuni.
Kabureta niliifungua kwa pupa.
Vipande kumi na tisa kwenye kisahani cha chai,
na springi moja, nyembamba kuliko kope,
ambayo hadi leo sijui ilirukia wapi.

Ngamiani, duka baada ya duka:
"Pijo? Ya mwaka gani? Sitini na nane!"
Muuzaji akamwita mwenzake aje anione.
Gerezani, Dar, walinipa pampu ya maji ya Datsun
wakaapa kwa mama zao kuwa ndiyo hiyohiyo.
Ina matundu matatu. Yangu ina manne.
Mombasa nilimtumia hela mtu aitwaye Babu Spea;
simu yake imezimika, na babu kazimika nayo.

"Tafuta kitabu," alisema Kiluwa, mpiga rangi wa Gofu.
"Gari lile halina fundi aliye hai.
Kitabu alikuwa nacho marehemu Mhando,
hakumwazima hata mdogo wake."

Muheza, nyuma ya soko la machungwa,
Bi Mwantumu, mjane wake, alikichomoa chini ya mtungi wa maji;
mtungi ulikuwa unayumba, kitabu kikaupa mguu.
Jalada halipo. Ukurasa wa kwanza ni wa tisa.
Kifaransa kitupu, na michoro ya vyuma vilivyotenganishwa
vikielea hewani, kila parafujo na mshale wake.
Sikuambulia neno.
Ila pembeni, kwa penseli iliyolambwa ncha,
fundi alikuwa amekiandika upya:
*Usikaze kwa hasira.*
*Nati hii inafunguka kinyume, kama shemeji yangu.*
*Hapa wenyewe wamekosea. Weka washa mbili.*
*Ukisikia kwikwi njia ya Amani, safisha poenti.*

Na ukurasa wa themanini na nne, penye pampu ya maji,
mwandiko uleule, mdogo zaidi:
*Semkiwa wa mizani, Pongwe. Nimemfungia. Bado 40/-. Agosti 74.*

Semkiwa ndiye baba.
Karani wa mizani kwenye shamba la mkonge,
mtu asiyekosea ratili ya robota
wala kusahau senti ya mtu:
ndivyo alivyotuambia, mkanda mkononi.

Nikamsomea Bi Mwantumu. Alicheka hadi akashika ukuta.
Tukapiga hesabu, arobaini ya wakati ule ni ngapi leo;
yeye akapimia sukari, mimi petroli,
hatukupatana.
"Nitafutie kitu cha kuegemezea mtungi," akasema mwishowe,
"na sukari kilo mbili. Kitabu chukua."
Nilikuwa nimeshavaa viatu aliponiita tena.
"Lakini usimfute."

Leo Jumapili. Gasketi nimeikata mwenyewe
kwenye boksi la viatu vya shule vya binti yangu, nikaipaka grisi.
Pampu, iliyotoka kwenye Pijo iliyokufa Korogwe,
imekaa. Inavuja kidogo, kwa adabu.
Gari halijawaka. Lilikohoa mara moja tu,
kuku wote wakatokea dirishani.

Nimechonga penseli. Nimeilamba ncha, ni chungu.
Chini ya deni la baba nimeandika:
*Imelipwa, sukari kilo mbili.
Boksi la viatu limekubali.
Springi ya kabureta, bado.*